Kutoka Windows 10 kwenda Windows 11: Dada Fundi anawajibu

Tangu huduma ya Windows 10 ikome tarehe 14 Oktoba 2025, barua zinazonifikia hapa Kariakoo zinazunguka jambo moja: nihame au nibaki? Ukurasa wote wa toleo hili nimeutenga kwa ajili hiyo. Barua ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu mwenye nayo ana mashine mbili zinazotaka majibu mawili tofauti, na wengi wenu mko upande mmojawapo.

SWALI: Dada Fundi, habari za kazi? Nina steshenari Tandika. Dukani natumia kompyuta ya mezani, HP ProDesk 600 G4, kwa kuchapa barua, picha za paspoti na kopi. Nyumbani kuna laptopu, HP EliteBook 840 G3, anayotumia binti yangu aliye chuoni. Zote zina Windows 10. Juzi kapita kijana akasema Windows 10 imekufa, na kwamba atanipigia Windows 11 zote mbili kwa shilingi 30,000 kila moja, nimwachie mashine kwa siku moja. Hiyo 11 ina nini ambacho 10 haina? Na kweli yangu imekufa?
Mama wa steshenari, Tandika

JIBU: Nzuri, dada yangu, na umefanya vema kuuliza kabla hujamkabidhi mtu mashine. Haijafa. Ukiiwasha kesho itawaka, itachapa, itatoa kopi. Kilichokoma ni viraka vya usalama. Kila Jumanne ya pili ya mwezi Microsoft hutoa masasisho ya kuziba matundu yaliyogunduliwa ndani ya mfumo, na tangu tarehe ile ya Oktoba ya Windows 10 hayaji tena, isipokuwa kwa aliyejiandikisha kwenye mpango wa nyongeza nitakaoueleza hapa chini.

Usilichukulie jambo hilo kwa wepesi. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili ya watu dunia nzima, hospitali za Uingereza zikiwemo, na kudai dola 300 kwa Bitcoin ili kuyafungua. Kiraka cha tundu lile kilikuwa kimetoka tangu Machi mwaka huohuo; waliochelewa kukiweka ndio walioumia. Wenye Windows XP, iliyokuwa imeachwa tangu Aprili 2014, hawakuwa hata na kiraka cha kuchelewa kuweka, mpaka Microsoft walipotoa cha dharura maafa yakiwa yameshatokea. Nawe dukani kwako unachomeka flashi za watu usiowajua kuanzia asubuhi hadi jioni. Mashine ya steshenari ni ya mwisho ninayotaka kuiona haina viraka.

Sasa tofauti zenyewe. Ukiingia Windows 11 macho yatakutana kwanza na kitufe cha kuanzia kilichohamia katikati ya ukanda wa chini. Vile vigae vilivyokuwa vikibadilika-badilika ndani ya menyu havipo tena, na pembe za madirisha zimeviringwa. Hayo ni mapambo, tuyaache.

Yapo yatakayokusaidia kazini. Mteja akikurushia kwa WhatsApp picha ya barua iliyochapwa akitaka uirudie, programu ya kunasia kioo ya Windows 11 (Snipping Tool) inaweza kusoma maandishi yaliyomo kwenye picha, ukayanakili na kuyabandika kwenye Word. Kazi yako inabaki kusahihisha. Ile ya Windows 10 hainakili maandishi kutoka kwenye picha. Mafaili yaliyobanwa ya RAR yanafunguka bila kuhangaika kutafuta programu ya pembeni. Folda zinafunguka kwa vichupo ndani ya dirisha moja, jambo lililoletwa na masasisho ya mwaka 2022, kwa hiyo folda ya picha za paspoti na folda ya barua hazitafukuzana kioo kizima. Tena ukibonyeza kitufe cha Windows pamoja na Z, unaonyeshwa namna za kugawa kioo: fomu ya mteja kushoto, picha yake kulia. Windows 10 nayo hugawa kioo, ila inakuachia wewe uburute na kupima.

Yapo pia yaliyopungua, na haki ni kuyasema. Ule ukanda wa chini, kwenye Windows 10 uliweza kuupeleka juu au pembeni. Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021 uhuru huo uliondolewa, na watu wamelalamika tangu siku hiyo. Menyu ya kubofya kulia imefupishwa, ukitaka yote lazima ubofye tena, au ubonyeze Shift na F10. Na kama kijana wako amekuahidi kwamba 11 itaendesha programu za simu za Android, mwambie huduma hiyo ilikuwepo kweli, ila Microsoft waliifunga tarehe 5 Machi 2025.

Tofauti yenye uzito hutaiona kwenye kioo. Windows 11 inadai kichipu kiitwacho TPM, toleo la 2.0, ambacho hutunza funguo za siri za mashine mahali programu za kawaida hazifiki. Inadai pia mashine iwe na uwezo wa Secure Boot, yaani ukaguzi wa saini ya programu ya kuwashia kabla mfumo haujaamka, ili kirusi kisije kikatangulia kuamka. Windows 10 ilivifahamu vyote viwili na iliweza kuvitumia, haikumlazimisha mtu. Windows 11 imevifanya sharti la kuingia mlangoni, na hapo ndipo mashine nyingi nzima kabisa za Dar es Salaam zinapokataliwa.

Masharti mengine: RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, isiyopungua GB 4, diski isiyopungua GB 64, na prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya biti 64 iliyomo kwenye orodha ya Microsoft. Kwa prosesa za kampuni ya Intel, orodha hiyo inaanzia kizazi cha 8, isipokuwa chache sana za kizazi cha 7. Kukijua kizazi si kazi ya fundi. Fungua Mipangilio, nenda kwenye maelezo ya mfumo, usome jina la prosesa. Tarakimu inayofuata mara baada ya kile kistari ndiyo kizazi. ProDesk 600 G4 zilitoka na Core za kizazi cha 8, kwa mfano i5-8500: nane, inapita. EliteBook 840 G3 ni za kizazi cha 6, kwa mfano i5-6300U: sita, haipiti. Ukiona namba inaanza na 1, kama i5-10210U, soma tarakimu mbili za mwanzo, hiyo ni ya kizazi cha 10. Mwenye AMD, Celeron au Pentium asihesabu tarakimu. Apakue programu ya bure ya Microsoft iitwayo PC Health Check, impe jibu.

Kwa hiyo ya dukani ihamishe, tena bure kama Windows 10 yako ni halali. Leseni ya 10 inakubalika kwenye 11, na mashine za maofisini kama hizi mara nyingi zina ufunguo wa leseni uliowekwa na kiwanda ndani ya bodi yenyewe. Shilingi 30,000 utalipia muda na utaalamu wa fundi, na sina ubishi na mtu kulipwa kwa kazi yake. Usikubali kulipia leseni ambayo tayari unayo, wala usikubali akuwekee programu ya kuvunja leseni, kwa sababu huko ndiko virusi vingi ninavyovitoa kwenye mashine za wateja vimetokea.

Inawezekana ukaambiwa ProDesk yako haifai ilhali inafaa. Sababu ya kawaida ni kwamba aliyepiga Windows 10 hapo mwanzo alitumia njia ya zamani ya kuwashia, na TPM imezimwa kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine inayoamka kabla ya Windows. Hapo fundi asikwambie afute kila kitu. Windows inayo amri iitwayo mbr2gpt inayobadilisha mpangilio wa diski huku mafaili yakiwa palepale. Kisha anaingia BIOS, anageuza njia ya kuwashia iwe ile mpya iitwayo UEFI na kuwasha TPM. Hata hivyo nakili kwanza mafaili yako yote kwenye diski ya nje. Namaanisha yote, pamoja na picha za wateja na vielezo vya barua ulivyotengeneza kwa miaka. Umeme ukikatika katikati ya kazi ile, hakuna amri itakayokurudishia. Na ukiwa umehamia kwa njia ya masasisho ya kawaida, unazo siku 10 za kurudi Windows 10 kupitia Mipangilio kama kitu kimegoma. Jaribu printa na programu zako ndani ya siku hizo, usingoje.

Laptopu ya binti usimruhusu kijana aiguse kwa 11. Najua ataweza: zipo flashi zinazotengenezwa ili kuruka ukaguzi, na mfumo utaingia na kuwaka vizuri. Shida inakuja baadaye. Microsoft wamesema wazi kwamba mashine isiyotimiza masharti haihakikishiwi masasisho, na masasisho makubwa ya kila mwaka hayaji yenyewe, itabidi arudi kwa fundi kurukwa tena. Utakuwa umelipa ili utoke kwenye mfumo uliokoma uingie kwenye usio na dhamana.

Badala yake mwandikishe kwenye ule mpango wa nyongeza. Unampa mtu wa kawaida viraka vya Windows 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Mashine iwe na toleo la 22H2, la mwisho la Windows 10, aingie kwa akaunti yake ya Microsoft, na kwenye ukurasa wa masasisho atakuta kiungo cha kujiandikisha. Akikubali mipangilio yake inakiliwe kwenye akaunti hiyo, halipi kitu; asipotaka, analipa dola 30. Muda huo ukiisha, mashine ile bado itakuwa na nguvu ya kuendesha Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, kwa miaka, pamoja na LibreOffice inayofungua mafaili ya Word, japo mpangilio wa kurasa huhama kidogo na atapaswa kuukagua kabla ya kukabidhi kazi chuoni. Nawaomba wazazi: msitupe mashine za kizazi cha 6 na cha 7. Ni nzima. Kilichozikataa ni orodha.

SWALI: Fundi, nisaidie. Niliibadilisha laptopu yangu kutoka Windows 10 kwenda 11 mwaka huu kwa fundi wa mtaani, akafuta na kupiga upya. Wiki iliyopita mwingine aligusa kitu kwenye BIOS, na sasa ikiwaka inaonyesha kioo cha bluu kinachodai ufunguo wa tarakimu 48. Sijawahi kuweka nywila ya namna hiyo. Ndani mna hesabu za kikundi chetu cha kuweka na kukopa.
Mwekahazina, Kimara

JIBU: Pole sana, ndugu yangu. Hii ndiyo tofauti kati ya 10 na 11 inayoniumiza kuliko zote, kwa sababu mafundi wengi hawaisemi.

Kwenye Windows 10 laptopu nyingi za kawaida zilibaki na diski ambayo haijafungwa: mtu akiitoa na kuichomeka kwenye mashine nyingine, anasoma kila kitu. Kuanzia Windows 11 toleo la 24H2, lililotoka mwaka 2024, mfumo ukipigwa upya na mtu akaingia kwa akaunti ya Microsoft, diski hufungwa yenyewe kwa ufunguo wa siri, hata kwenye toleo la Home, mradi mashine ina vifaa vinavyotakiwa. Mwizi akikwapua laptopu yako pale Ubungo hataambulia hesabu za wanakikundi. Ni jambo jema na ninaliunga mkono. Lakini ile TPM niliyoieleza hapo juu hulinda ufunguo kwa kuangalia kama mashine iko vilevile ilivyokuwa. Mtu akibadilisha mambo fulani kwenye BIOS, TPM inakataa kuutoa, na Windows inakudai ufunguo wa akiba. Ndizo hizo tarakimu 48.

Ufunguo huo ulihifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika siku ya kupiga Windows. Sasa jiulize: ilikuwa akaunti ya nani? Tafuta simu, ingia aka.ms/myrecoverykey kwa barua pepe yako. Ukiona orodha, linganisha alama za utambulisho zilizo kwenye kioo cha bluu na zilizo kwenye orodha, kisha andika tarakimu zinazolingana. Usipokuta kitu, mrudie fundi wa kwanza leo hii, kwa upole, kwa sababu mafundi wengi huingiza barua pepe zao wenyewe ili kazi iende haraka. Aingie kwenye akaunti yake akutafutie. Na huyo wa pili mwombe airudishe BIOS ilivyokuwa. Mara nyingine TPM ikiiona hali ya zamani inakubali, na mashine inafunguka bila kuuliza.

Ufunguo usipopatikana popote, Microsoft hawana namna ya kukutolea, wala mimi sina, wala yeyote anayekuambia anayo. Asikulaghai mtu kwa pesa za kikundi. Itabaki kufuta diski na kuanza upya, na hesabu mtazikusanya kutoka kwenye daftari na ujumbe wa miamala ya simu.

Wengine wote mnaosoma: simameni hapa kwanza. Fungua Mipangilio, ingia kwenye akaunti, utazame ni barua pepe ya nani imeandikwa. Kama si yako, hiyo mashine ufunguo wake uko mfukoni mwa mtu mwingine. Ongeza akaunti yako, ipe mamlaka kamili, kisha tafuta neno BitLocker, ndilo jina la huo ufungaji wa diski, kwenye menyu, chapisha ule ufunguo kwenye karatasi, uuweke pamoja na hati zako za nyumbani. Usiupige picha ukauacha ndani ya laptopu ileile. Na siku nyingine ukimpelekea fundi mashine ya kupiga Windows 11, keti naye dakika zile za mwisho, uandike barua pepe yako kwa mkono wako mwenyewe. Fundi mwaminifu hatachukia.

SWALI: Shikamoo mama. Naanza chuo, baba amenipa hela ya laptopu ya mtumba. Dukani Kariakoo wameniambia zote zina Windows 11 tayari, kwa hiyo nisiwe na wasiwasi. Ni kweli?
Mwanafunzi, Sinza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Windows 11 kuwemo ndani si ushahidi kwamba mashine inaikubali. Nimeshaeleza kuhusu zile flashi za kuruka ukaguzi. Usisome jina la juu ya mfuniko pekee pia. EliteBook 840 G5, kwa mfano, zilitoka na prosesa za kizazi cha 8 lakini zipo na za kizazi cha 7, na kwa nje huwezi kuzitofautisha. Omba iwashwe mbele yako. Soma prosesa. Kisha bonyeza Windows na R, andika tpm.msc, uangalie kama toleo linasema 2.0. Muuzaji akikataa kukuwashia, shukuru uende duka la pili, maduka hapa hayajakwisha.

RAM ya GB 4 ndiyo kima cha chini kwenye karatasi, lakini ukifungua kivinjari chenye kurasa kadhaa pamoja na Word utasubiri mpaka uchoke. Tafuta GB 8. Diski iwe SSD, ile ya kasi isiyo na sahani inayozunguka. Kama pesa haitoshi kwa vyote, chukua yenye SSD na nafasi ya kuongezea RAM, utaongeza baadaye. Programu za akili mnemba zinazotangazwa sana zisikupandishie bei: Copilot unaipata hata kwenye kivinjari, na ile Recall inayokumbuka ulichokifanya kwenye kioo inataka mashine mpya za aina ya pekee ambazo katika mitumba hutazikuta kwa urahisi.

SWALI: Binti yangu, nina duka la vipuri Magomeni. Hesabu za stoo naziweka kwenye programu niliyotengenezewa zamani sana, kioo chake ni cheusi chenye maandishi. Inakwenda kwenye Windows 10 yangu ya biti 32. Mwanangu anasema tuhamie 11. Programu itakubali? Na hicho kitufe cha kuanzia, mimi nimekizoea kushoto.
Mzee wa vipuri, Magomeni

JIBU: Shikamoo mzee wangu. La kitufe ni dogo: Mipangilio, upande wa mwonekano, mwambie mwanao aguse ukanda wa chini na kuchagua upande wa kushoto. Kitarudi mahali pake.

La programu linahitaji utulivu. Windows 11 haina toleo la biti 32 kabisa, ni biti 64 pekee. Programu za biti 32 zinaendelea kufanya kazi ndani yake, ila za biti 16 za enzi za DOS, mfumo wa zamani uliotangulia Windows, hazifunguki kwenye Windows yoyote ya biti 64. Maelezo ya kioo cheusi na ya Windows ya biti 32 yananifanya nidhani yako ni ya enzi hizo. Msihame kwanza. Mwanao apakue programu ya bure iitwayo DOSBox, inayoiga mashine ya DOS, kwenye kompyuta nyingine, anakili folda nzima ya stoo yako humo, aone kama inafunguka, inahifadhi na inachapisha. Ikikubali, hamieni. Ikigoma, iacheni mashine ya sasa ifanye kazi hiyo moja tu, bila intaneti na bila flashi za wageni, na nakala ya stoo itolewe kila Jumamosi kabla hujafunga duka. Wakati huohuo tafuta kijana wa kuzihamishia zile orodha kwenye programu mpya, wewe ungali na kumbukumbu ya kila kipuri kimeandikwa kwa kifupi gani.